Saa Zetu

Kiangazi cha mwaka 1956, mara nne kila siku isipokuwa Jumapili, Eustaki alijitanda kaniki ya mwanamke mabegani, akachukua wavu wake mdogo wenye mpini, akachechemea kwenda kwenye vichaka vya kando ya mto Kilombero kuwapa mbung'o mwili wake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mkimya, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tangu siku lilipokanyagwa na nyati. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Kwa hiyo alitembea hatua mia moja, akasimama, akaitundika ile kaniki juu ya fimbo aliyoichomeka ardhini, akangoja. Waliokuwa wakimfuata walitua kwenye kitambaa, naye akawafunika na wavu mmoja mmoja. Wengine hawakudanganyika na kitambaa wakatua shingoni mwake.

Watu wa upande ule wa Ifakara, karibu na kivuko, walikuwa wamemzoea. Verediana, jirani yake, mama wa watoto watano, alikuwa mtani wake kwa ukoo, na kwa hiyo hakuna kilichomzuia kusema.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia kila walipopishana njiani, huku akipiga goti kwa heshima ya uongo.

"Marahaba, mwanangu. Umeolewa?"

"Bado, shangazi. Nangoja ufe nirithi hiyo kaniki."

"Basi utazeeka bila mume."

Walicheka wote wawili, lakini Eustaki alicheka kidogo zaidi ya ilivyopasa, maana kaniki ile ilikuwa ya marehemu dada yake, Digna, na Verediana alilijua hilo vizuri. Mtani ndiye mtu pekee aliyeweza kumgusa mahali pale bila kumwumiza.

Mbung'o hawa walikuwa safarini. Eustaki aliwakausha kivulini, akamfunga kila mmoja ndani ya karatasi iliyokunjwa kama dawa ya unga inavyofungwa hospitalini, na ndani akatia kikaratasi chenye namba moja tu: saa aliyomkamata. Kopo la tumbaku lilipojaa, alilishona ndani ya kitambaa, akalipeleka posta. Kutoka hapo lilipanda lori hadi Kidatu, likavuka Ruaha, likafika Kilosa, likapanda treni mpaka Mwanza, likaingia melini na kuvuka Ziwa. Baada ya siku kumi au kumi na mbili lilifika kwenye chuo kikuu kishiriki kilichokuwa mbali sana kaskazini, hata jua la huko, watu wa bondeni waliambiana, lilikuwa la namna nyingine. Hapo lilifunguliwa na Fridolin, mtoto wa Digna.

Fridolin alikuwa mtu wa kwanza kutoka upande ule wa mto kufika chuo hicho. Alikuwa anasoma sayansi ya wadudu, mwaka wake wa mwisho, na mwalimu wake alikuwa amempa kazi ya kuchagua swali moja na kulijibu kwa utafiti wake mwenyewe. Swali alilochagua lilikuwa hili: katika bonde la Kilombero, mbung'o huuma zaidi saa ngapi? Kama jibu lingekuwa zuri, chuo kingembakiza kama msaidizi wa utafiti, kisha angerudi bondeni na kazi yenye cheo, gari na hema, awaambie watu njia ipi wapite na saa gani.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefaa kumkusanyia wadudu.

*

Eustaki alikuwa amefanya kazi ya mbung'o miaka kumi na minne, kwenye kambi za porini, kabla nyati hajamwachisha. Zamu yake ilikuwa ya asubuhi siku zote. Aliamka, akatembea njia iliyokatwa, akahesabu, akaandika, akampa daftari bwana mkubwa. Bwana huyo alikuwa mtu mkavu ambaye alirudia maneno yale yale kila alipoajiri mtu mpya: andika kile mshale unachoonyesha, usiandike kile unachokijua. Alikuwa na maana ya saa. Mtu wetu akitazama saa, mshale mfupi ukiwa kwenye nne, yeye husoma kumi, kwa sababu anajua kwamba siku huanza jua linapochomoza na wala haianzi usiku wa manane. Kwenye daftari za kazi ya mbung'o haikuruhusiwa hivyo. Mshale ukiwa kwenye nne, iliandikwa nne. Eustaki alijifunza haraka, akaona fahari, na siku alipoachishwa kazi alipewa saa ya mfukoni ambayo kioo chake kilikuwa na ufa.

Jambo moja hakupewa. Katika miaka yote kumi na minne, hakuna aliyewahi kumwambia namba zake zilisema nini. Aliziandika, zikaondoka, zikaenda kuzungumza na watu wengine.

Alirudi nyumbani akiwa na kitu kimoja alichodhani anakijua: kwamba asubuhi mbung'o ni wabaya. Alikuwa amewaona asubuhi tu.

Digna alikuwa mjane, akiishi kwa kaka yake pamoja na Fridolin, akisuka mikeka. Wanawake walikwenda kukata ukindu kando ya mto asubuhi, saa mbili, ili warudi kabla jua halijawa kali. Kiangazi cha mwaka 1944 Eustaki alimwambia dada yake asiende na wenzake, aende saa kumi alasiri. Digna hakubisha. Kaka yake alikuwa mtu wa mbung'o, alikula mshahara wa mbung'o, nani angejua zaidi yake? Alikwenda saa kumi, peke yake, akiwa amejitanda kaniki yake, kwa muda wa miezi miwili.

Kwanza ilikuja homa, ikaenda, ikarudi. Kisha shingo ikavimba. Kisha akaanza kusinzia mbele ya chungu, mwiko ukiwa mkononi, ugali ukiungua huku watu wamekaa wanamtazama. Alipochukuliwa hospitali, malale yalikuwa yameshafika kichwani. Alizikwa Novemba, mvua za kwanza zikianza, na mtoto wake akapelekwa shule ya bweni ya misheni mwezi wa Januari.

Eustaki hakumwambia mtu yeyote habari ya saa kumi. Kandida, mkewe, huenda alikuwa anajua, lakini Kandida alikuwa mwanamke wa kuacha vitu vilale. Kaniki ikakunjwa, ikawekwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo barua ya Fridolin ilipokuja, Julai 1956, ikiuliza swali lile la saa, Eustaki aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Ilikuwa barua ndefu yenye maelekezo mengi, jinsi ya kukausha, jinsi ya kufunga. Kuhusu saa kulikuwa na mistari mitatu:

"Nenda mara nne: asubuhi mara mbili, alasiri mara mbili. Kwenye kikaratasi namba moja inatosha, usiandike asubuhi wala jioni, maana mchana kila saa huja mara moja tu. Andika kwa saa zetu, Mjomba, usijisumbue na mengine."

Jioni ile alimsomea Kandida, aliyekuwa anapepeta mchele uani.

"Ameandika 'saa zetu'," alisema. "Umesikia? Amenihesabu."

"Zetu akina nani?" Kandida aliuliza bila kuinua kichwa.

"Zetu sisi. Watu wa mbung'o."

"Haya, mtu wa mbung'o. Sogeza mguu, unakanyaga pumba."

Kandida hakuuliza tena, na swali lile lililokuwa limefika mlangoni kabisa likapita. Eustaki alilala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aachishwe kazi. Kesho yake alitoa saa ya mfukoni, akaitia ufunguo, akaenda misheni kuilinganisha na kengele. Kisha akafungua sanduku, akatoa kaniki.

Aliandika kile mshale ulichoonyesha. Saa mbili asubuhi aliandika nane. Saa nne aliandika kumi. Saa nane mchana aliandika mbili, na saa kumi aliandika nne.

*

Kuanzia wiki ya kwanza mikono yake ilijua. Asubuhi alirudi na mbung'o wawili, watatu, siku nyingine hakupata hata mmoja. Saa kumi, jua likianza kulalia upande wa milima ya Udzungwa, walimfuata kama vile wameitwa. Alisimama pale penye ukindu, kaniki ikining'inia juu ya fimbo kama mtu aliyesimama amempa mgongo, akawatazama wakitua juu yake, wakitembea juu ya kitambaa, wakitafuta ngozi. Aliwakamata. Aliandika nne, nne, nne, nne.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kiangazi kimoja hakitoshi. Alijiambia kwamba yeye si msomi, kwamba kule kaskazini kuna darubini inayoona mbawa zilivyochakaa na kujua umri wa mdudu, na huenda hao wa saa kumi ni wazee wasio na sumu. Safari hii namba zingerudi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake namba zingerudi kwake na kumwambia zilichosema, na mtu atakayemwambia ni mtoto wa Digna. Aliiogopa siku hiyo, lakini hakuacha kwenda hata siku moja. Alituma makopo saba.

Jibu lilikuja mwisho wa Februari, mawingu ya masika yakianza kupanda.

"Mpendwa Mjomba, shikamoo. Kazi yako imekuwa nzuri kupita nilivyotegemea, hata mwalimu wangu amesifu mikunjo ya karatasi zako. Katika mbung'o mia saba na kumi na wawili, zaidi ya nusu umewakamata saa nne asubuhi. Wa saa kumi ni wachache mno. Sasa tunajua: kwetu asubuhi ndiyo mbaya, alasiri ni salama. Tarehe ishirini na tano Machi nitasimama mbele ya walimu wote na kulisoma andiko langu, na likipokelewa, nafasi ya msaidizi ni yangu. Waambie akina mama wasiende ukindu asubuhi. Waende saa kumi."

Eustaki aliisoma barua hiyo mara moja, na aliielewa yote, pamoja na kosa lake. Aliona namba zake zikisomwa na macho mengine, nne ikawa nne ya asubuhi, kumi ikawa kumi ya alasiri, siku nzima ikapinduliwa kama kapu. Aliliona neno lile, zetu, na safari hii aliliona kama Fridolin alivyoliandika: zetu, za kwetu, za nyumbani, za mtu yeyote anayeamka jua likichomoza.

Ilikuwa kazi ya mistari miwili kumwambia. Lakini alipotafuta kalamu, aliisoma tena ile sentensi: alasiri ni salama. Ilikuwa imeandikwa kwa wino, kutoka chuoni, kwa mkono wa mtoto wa marehemu. Chuo kilikuwa kimesema kwamba mtu aliyempeleka dada yake mtoni saa kumi hakukosea.

Aliikunja barua, akaiweka ndani ya kitabu cha sala.

Kandida alisema baadaye kwamba siku tatu zilizofuata mumewe alilala usingizi wa mtoto. Alikula vizuri. Alitengeneza ua lililokuwa limeanguka tangu Krismasi. Naye Kandida, kwa kuwa alisomewa barua ile na hakujua kosa lililojificha ndani yake, alifanya ambacho barua iliomba: aliwaambia wanawake.

Siku ya nne, Eustaki akiwa amekaa kizingitini anashona kiatu, Verediana alipita njiani na binti yake, Justa, msichana wa miaka kumi na minne. Walikuwa na mundu na kamba. Wote wawili walikuwa wamejitanda kaniki.

"Shikamoo, shangazi," Verediana alisema. "Leo tumekupokonya zamu."

"Mnakwenda wapi?"

"Ukindu. Kabla maji hayajafunika."

Eustaki alitoa saa mfukoni. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne.

Aliitazama muda mrefu kiasi kwamba Verediana na binti yake wakawa wameshapita mwembe wa kona na kuanza kushuka. Kisha akainuka. Hakuchukua fimbo yake. Alichechemea nyuma yao, goti likigoma, akiita, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupaza sauti, hawakumsikia mpaka walipofika pale njia inapoingia kwenye matete.

"Rudini," alisema, akihema. "Rudini nyumbani."

"Umepatwa na nini? Kuna tembo?"

"Rudini tu. Saa hizi ni mbaya."

"Wewe," Verediana alisema, bado akiwa na utani mdomoni, "mkeo ametangaza kijiji kizima. Kijana wako wa chuo amesema alasiri."

"Kijana amekosea. Mimi ndiye niliyemkosesha."

Verediana alimtazama usoni, na utani ukamtoka. Mbung'o mmoja alikuwa ametua begani kwa Justa, juu ya kaniki, ametulia, mbawa zimelala moja juu ya nyingine kama mikono iliyokunjwa. Eustaki alinyoosha mkono akamkamata kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa zamani, bila kumponda.

"Hivi ndivyo alivyokwenda Digna," alisema. "Mimi nilimwambia aende saa kumi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na alilitamkia njiani, mbele ya mtoto wa watu. Verediana alimgeuza binti yake kwa mabega, wakarudi. Tangu siku hiyo hakumwita tena shangazi, na Eustaki alilijutia hilo kuliko alivyodhani.

Jioni ile ile aliandika. Aliandika kwamba namba zote ni za mshale, kwamba nne ni kumi na kumi ni nne, kwamba kosa ni lake. Habari ya Digna hakuiandika. Alimaliza hivi: "Usisome andiko hilo kabla hujageuza. Nisamehe. Ni mimi, Mjomba wako."

*

Ilikuwa tarehe nne Machi. Kwa siku kumi na mbili barua ingefika mapema. Lakini mvua ilianza usiku ule ule, ikanyesha kama vile imetumwa. Pantaleo, karani wa posta, alikuwa kijana mpole mwenye koti lililombana, na kila asubuhi alimwona Eustaki amesimama dirishani.

"Mfuko bado uko Kidatu, Mzee."

"Bado?"

"Ruaha umepanda. Kivuko kimefungwa kwa minyororo. Hata daktari mwenyewe anangoja dawa zake."

"Na simu ya maandishi?"

"Nguzo zimeanguka. Njoo kesho, labda."

Alikuja kesho, akaja kesho kutwa, na hata mfuko ulipovushwa kwa mtumbwi tarehe kumi na saba hakuacha kuja kuulizia simu. Tarehe ishirini na tano alikuja pia, na Pantaleo akamtikisia kichwa kabla hajauliza. Maji yalikuwa yamefunika bonde lote, yakang'aa mpaka miguuni mwa milima, na Ifakara ilikuwa kisiwa. Eustaki alirudi nyumbani akakaa kizingitini. Saa kumi ilipofika aliitoa saa, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mahali fulani, mbali sana na maji haya, mtoto wa Digna alikuwa amevaa tai, amesimama mbele ya watu wenye elimu, akiwaambia kwamba saa hii ni salama.

Aprili ikapita bila barua. Mei, Juni. Maji yakashuka, malori yakaanza tena kuja, na mfuko wa posta ukaja na vitu vya kila mtu.

*

Fridolin alirudi mwenyewe, Agosti, juu ya lori la mchele lililokuwa tupu. Alikuwa amekonda. Alikuwa na sanduku moja na mwavuli, na alimsalimu mjomba wake kwa shikamoo ya chini kabisa, kama mtoto. Kandida alimchinjia kuku, akamwuliza habari za meli na treni, akamwuliza kama ni kweli watu wa huko hula ndizi badala ya wali, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa jambo lenyewe.

Baada ya kula, wanaume wawili walibaki uani.

"Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane," Fridolin alisema.

"Ulikuwa umeshasoma."

"Nilikuwa nimeshasoma. Walipiga makofi."

Alisimulia pole pole, akichora ardhini kwa kijiti. Alikuwa ameichukua barua, akaenda nayo moja kwa moja kwa mwalimu wake, akamtafsiria. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Aliuliza nani aliyeandika vile vikaratasi na kama mtu huyo anajua kusoma saa.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia anajua kuzisoma namna mbili, na kwamba mimi ndiye niliyeelekeza vibaya."

"Si ungegeuza tu? Namba ni zile zile. Unageuza tu."

"Nilimwambia hivyo. Akasema, mtu aliyekosea jambo moja bila kujua, nani atakuapia kwamba hakukosea jingine? Akasema andiko liondolewe, nikusanye upya kiangazi kingine. Lakini kiangazi kingine mimi si mwanafunzi tena, Mjomba. Nafasi amepewa mwenzangu. Yeye alichunguza samaki."

Cheti alikuwa amepata, cha daraja la chini. Kazi alikuwa amepata pia: kufundisha sayansi kwenye shule ya kati kusini kabisa, safari ya siku tano. Lori lilikuwa Jumatatu.

Eustaki alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa miezi mitano alikuwa amejibu hasira hiyo kichwani, kila siku kwa maneno mapya, na sasa haikuwepo, hakujua aweke wapi maneno yake. Akabaki na lile moja ambalo hakulitayarisha.

"Kuna jambo sikuliandika," alisema. "Mama yako alipokuwa anakwenda ukindu..."

"Nilikuwepo, Mjomba."

"Ulikuwepo wapi?"

"Pale." Fridolin alinyoosha kijiti kuelekea mlango wa jiko. "Nilikuwa namenya muhogo. Wewe ulikuwa unanoa shoka. Ulimwambia, Digna, achana na asubuhi, nenda saa kumi."

Kuku walikuwa wanapanda kwenye mti wao kulala, wakisukumana. Eustaki alisikia kila ukucha ukikwaruza gome.

"Ulijua siku zote," alisema.

"Nilijua ulisema. Sikujua kama ulikosea. Ndiyo maana nilichagua mbung'o. Mwalimu alitaka nichukue samaki, tena ilikuwa rahisi zaidi. Mimi nilitaka karatasi. Karatasi yenye mhuri wa chuo, inayosema hukukosea, nikuletee." Alivunja kijiti vipande viwili. "Hesabu ilipotoka vile nilifurahi, nikaacha kuuliza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Kikaratasi kimoja tu kilitosha. Ningeandika mstari mmoja, Mjomba, hii nne yako ni nne ipi? Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikaogopa utakachojibu."

Eustaki naye alikuwa na siku tatu zake mwenyewe, zile alizolala usingizi wa mtoto, na alitaka kuzitoa na kuziweka pale chini pamoja na vipande vya kijiti. Alizitoa. Alizisema kwa sentensi nne au tano, habari ya kitabu cha sala, habari ya ua alilotengeneza, habari ya Verediana na Justa. Fridolin alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe, wala mjomba wake hakumwomba. Kandida alitoka jikoni na taa, akawaona walivyokaa, akarudi nayo ndani.

Kesho yake, Jumamosi, alasiri, Fridolin alichukua wavu kwenye ukuta ulipotundikwa. Eustaki alijitanda kaniki. Walikwenda kama ilivyofanywa zamani kwenye kambi za mbung'o, mmoja mbele anatoa mgongo, mwingine nyuma na wavu. Njia ilikuwa imekauka, matete yamelazwa na mafuriko yote upande mmoja. Hakuna aliyekuwa anazingoja namba hizo, kaskazini wala popote. Verediana aliwaona wakipita, akiwa kizingitini kwake na unga mikononi. Alifungua mdomo kama mtu anayekumbuka jambo, kisha akainama kwenye kinu chake.

Penye ukindu Eustaki alisimama. Aliwahisi wakitua mgongoni kupitia kitambaa chembamba cha dada yake, mmoja, kisha wengine, na nyuma yake alisikia wavu ukishuka, na sauti ya Fridolin ikihesabu kwa upole kama mtu anayesali rozari. Hesabu ilifika arobaini na moja.

Walikaa juu ya gogo. Fridolin akafungua karatasi, akaanza kuwafunga. Mjomba wake alitoa kalamu ya risasi na kikaratasi, akaitazama saa yenye ufa, akasita.

"Niandike ngapi?" aliuliza.

Fridolin alikuwa ameinama juu ya mbung'o, anamnyoosha bawa kwa ncha ya kidole.

"Andika kwa maneno, Mjomba," alisema.

Eustaki aliweka kikaratasi juu ya goti lake lisilokunjika, akaandika kwa herufi kubwa, moja moja: saa kumi alasiri, jua linashuka. Akakikunja. Akachukua kingine, akaandika vile vile, kisha kingine, mpaka arobaini na moja vikaisha.